Miti Yake, Ardhi Yetu

Nianze na lile ambalo nyumbani kwetu hatulisemi mbele ya wageni. Mtu ninayetaka kueleza habari zake hapa tulimwondoa kwenye ardhi aliyoitunza kwa zaidi ya miaka ishirini. Hatukuiba. Ardhi ilikuwa yetu kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyethibitisha. Lakini miti ilikuwa yake.

Watu wa kilima kile cha Muyinga, Burundi, ambako kilima ndicho kijiji, walimwita Moniteri, kwa sababu zamani alikuwa moniteri wa kilimo, yule anayepita vilimani kuwaonyesha wakulima namna ya kupanda kwa mistari na kuchimba makinga maji. Kazi iliisha, jina likabaki. Alikuwa mama mrefu, mjane, mwenye mabega ya mbeba mizigo, na sauti ambayo hata akikusalimia ulidhani umekosea kitu. Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa Gitega. Mengine ya ukoo wake siyajui na sikuwahi kuuliza.

Tulimkuta mwezi wa nane, kiangazi kimeshika. Baba alitoka nchini akiwa mtoto wa mgongoni, na sasa alikuwa anarudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania akiwa na mvi, mke, na mimi binti yake, niliyezaliwa huko kambini na kuijua Burundi kwa masimulizi tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na cherehani moja ya kushonea. Kuanzia mpakani Kobero, vilima vyote tulivyopita vilikuwa vimepauka, nyasi zimekauka mpaka mizizi, migomba imeinamisha majani kama watu waliofiwa. Halafu tukafika kwenye mteremko ambao bibi alimwelekeza baba kabla hajafa, tukaona kijani. Si kijani cha bondeni penye maji. Kijani kizito, cha juu, kwenye mawe matupu: miarobaini, mijohoro, gereveria, na mistari ya kalitrisi, ndugu wa msonobari, iliyonyooka kama vijana wa gwaride. Baba alisimama akalia. Alidhani Mungu ndiye aliyeitunza.

Moniteri akatoka katikati ya miti, jembe begani.

"Mnatafuta nani?"

Baba akataja jina la babu. Yule mama akamtazama kwa muda, akatutazama mimi na mama na mabegi yetu, na nikaona kitu kikishuka usoni mwake, kama mtu aliyesikia mlango aliokuwa akingoja ufunguliwe ukifunguliwa.

"Mmekula?" akauliza.

Hatukuwa tumekula. Alitupa maharagwe na ugali wa muhogo, akatuonyesha banda la kulala kando ya nyumba yake. Tulikaa katika banda lile mwaka mmoja na nusu, tukinywa maji ya mtungi wake, huku baba akipeleka mashtaka dhidi yake. Yeye alijua. Kila baba aliporudi kutoka komine, ofisi ya serikali ya eneo, na karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni, alimuuliza, "Walikupokea vizuri?" Na baba alijibu kwa heshima, "Vizuri, mama, asante."

Kirundi changu kilikuwa cha kuokotaokota, kwa hiyo na mimi alizungumza Kiswahili, kile chao cha huku, na changu kilimchekesha. Aliniita Mtanzania. Nikisema "miche hii imekauka," alisema, "We unaongea kama redio. Sema: hii miche iko na kiu. Vwala. Hata mti yenyewe inasikia." Nilipomaliza kushona mchana nilikwenda kwenye pepiniyeri yake, kitalu cha miche kilichokuwa nyuma ya nyumba, chini ya kivuli cha nyasi. Hakuniita, wala hakunifukuza.

Kama umewahi kuotesha mti wa nchi kavu utajua kwamba kazi si kuumwagilia. Kazi ni kuacha kuumwagilia, na kujua siku gani uache. Moniteri alikuwa na kikombe kimoja cha bati, kilichobanduka rangi. Mche mdogo ulipata kikombe asubuhi. Ukitimiza majani sita, kikombe kila siku mbili. Mvua zikikaribia, mwezi mzima kabla ya kuupeleka shambani, alipunguza mpaka nikaona ukatili. Majani yalilegea mchana, na mimi nilichukua kikombe kwa siri. Alinikamata mara moja.

"Weka chini."

"Inakufa, mama."

"Haikufi. Inatafuta. Ukiipa maji juu, mizizi inabaki juu, inakuwa vivu. Ukiinyima, inashuka. Sasa we ukiipeleka kule kwenye mawe, mwezi ya saba, nani atakuja na kikombe? We?"

Kabla ya kumwagilia alizamisha kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Udongo ukishika kidole, hakumwagilia. Ukidondoka mkavu, alimwagilia. Hakuamini macho, hakuamini majani, wala hakuamini mtu aliyemwambia kwamba jana kulinyesha. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wenye vitalu wengine walilalamika. Yeye alikwenda kwenye migomba, akachuna magome makavu, akayakunja na kuyafunga kwa kamba ya mgomba yenyewe, akapata vifuko vya miche ambavyo huhitaji hata kuvichana wakati wa kupanda. Mimi nilimshonea mia kadhaa kwa sindano ya magunia. Alivikagua kimoja kimoja kama askari wa mpakani.

Usidhani alikuwa mtu wa kupendeka. Aliwachukia mbuzi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na yeye mwenyewe alifuga watatu, waliofungwa kamba fupi mchana kutwa, wakimtazama kwa uchungu. Alihubiri kivuli, lakini hakuvaa kofia wala kitambaa kwenye jua la saa saba. Alimwambia kila mtu asikate mti mbichi, na siku ya Krismasi yeye ndiye aliyepanda juu ya kalitrisi zake, akakata matawi mazuri kuliko yote na kuyapeleka kanisani kwa baiskeli. Nilipomuuliza, alisema watu wangeyakata hata hivyo, tena vibaya, kwa panga butu, na kuujeruhi mti. "Afadhali nikate mi. Mi najua pahali pa kukata." Halafu wakati wa misa alikaa benchi la mbele, hakutazama altare, alitazama matawi yake yakinyauka.

Na alikuwa mgumu kwa binti yake. Binti alipopiga simu kutoka Gitega kusema mtoto anaumwa, Moniteri alisikiliza, akasema, "Bon, mpeleke kwa muganga," akakata. Kisha akakaa na simu mkononi hadi chai ikapoa. Nilimwambia ampigie tena. Akasema sauti yake haifai kumpigia mtu mwenye mtoto mgonjwa.

Kesi ilipofika mwisho, bashingantahe, wale wazee wa kilima wanaosuluhisha watu, walikaa mbele ya shule, kwenye madawati yaliyotolewa nje. Kilima kizima kilikuja. Walizungumza Kirundi, nayaweka maneno yao hapa kwa Kiswahili nilivyoyashika. Baba hakuwa na hati, alikuwa na maneno ya bibi tu. Moniteri pia hakuwa na hati. Marehemu mume wake alionyeshwa ardhi ile na kuambiwa ni pori. Jirani mmoja, mtu mwema, alikuwa amemshauri wiki nzima: Sema ni pori. Ukisema ni pori, hakuna atakayekugusa.

Mzee aliyeongoza akamuuliza, "Mama, uliikuta ardhi ikiwa namna gani?"

Moniteri akasimama. "Walituambia ni pori. Lakini siku nilipochimba shimo la kwanza, jembe liligonga msingi wa nyumba. Nilikuta jiwe la kusagia, limelika katikati kwa mikono ya mtu. Nilikuta mafiga matatu. Kwa hiyo nilijua kuna watu."

"Na ulipojua, kwa nini ukapanda?"

"Kwa sababu mteremko ulikuwa unakwenda wote bondeni. Kila mvua ilichukua kidogo. Hao watu wangerudi wakute mawe."

Nyuma yetu mtoto alikuwa akitafuna muwa. Wazee wakanong'onezana, kisha wakapendekeza tugawane: nusu yetu, nusu yake. Watu wengi wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mimi pia. Baba akasimama.

"Nimeishi maisha yangu yote kwenye nusu," alisema. "Nusu hema, nusu kibaba, nusu mtu. Leo nimefika kwetu, mama huyu mwenyewe amesema ni kwetu, na mnanipa nusu?"

Sikumchukia baba siku ile, na mpaka leo siwezi kumchukia. Wazee wakaamua ardhi yote ni yetu. Moniteri apewe muda hadi mvua za kwanza, akate miti yake na kuchukua mbao.

Hakukata hata mmoja. Badala yake, wiki zile zilizobaki alizitumia kuitunza. Alipogoa matawi ya chini, alipalilia, alichimba vijitaro vya nusu mwezi kwenye kila shina upande wa juu wa mteremko, ili maji ya mvua yasimame pale. Nilichimba naye. Siku ya kuondoka alipakia magodoro, sufuria na makreti ya miche kwenye lori lililokuwa linakwenda Gitega, akawagawia majirani mbuzi wake, kisha akamwendea baba.

"Miti za chini, ukipata shida, ukate," alimwambia. "Za juu usiguse. Za juu zinashika udongo."

"Nimesikia, mama," baba akasema, akampa mikono yote miwili.

Alisikia kweli. Kwa mwaka mzima hakugusa hata tawi. Mwaka wa pili mvua ya vuli ilichelewa, na ilipokuja ilinyesha siku nne ikakatika. Maharagwe yaliungua yakiwa na maua. Mama akaanza kuugua kifua. Baba akakata mijohoro ya chini, akachoma makaa. Alisema itatosha. Kisha tukahitaji kuni za kuchomea tofali za nyumba, maana nyumba ya Moniteri, tuliyohamia, ilikuwa inavuja juu ya kitanda cha mgonjwa. Kisha kiangazi kingine. Msumeno wa kukata gogo una mikono miwili, na mkono wa pili niliushika mimi. Siwezi kusema nililazimishwa. Tulipofika kwenye miti ya juu, baba alisimama, akanitazama kama anayeomba niseme neno. Nikashika mkono wangu wa msumeno. Tukaanza kuvuta.

Mjohoro ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki, na mwarobaini vilevile. Ilichipua. Tukachimba visiki navyo, kwa sababu kisiki kinatoa makaa mazito.

Mvua ya masika iliyofuata ilikuja alasiri moja, yote kwa pamoja. Tulisimama mlangoni mwa nyumba yetu mpya ya tofali tukiangalia mteremko ukishuka. Sijui neno jingine. Udongo ulitembea na maharagwe yake, mstari kwa mstari, hadi bondeni. Ulipokwisha, pale juu palikuwa na mawe meupe, safi kama yaliyooshwa kwa makusudi. Baba hakula siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, bila kuniangalia, "Nenda Gitega. Kamwombe miche. Mimi siwezi kusimama mbele yake."

Mafuta yalikuwa ya shida nchini. Gari letu lilifika Mutaho likazima, dereva akatwambia kila mtu ajitafutie. Nilimpata kijana wa baiskeli ya abiria, tukawa tunapanda vilima kwa miguu na kushuka kwa mbio, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli. Mtu aliyesema ukweli mbele ya kilima kizima, ukamgharimu vile, sikuona namna ya kumdanganya.

Nyumba ya binti yake ilikuwa mtaa wa Musinzira, yenye ua wa saruji na ukuta. Binti alinifungulia geti. Ana mabega ya mama yake, lakini sauti laini.

"Karibu. Lakini usishangae," alisema. "Siku zingine anajua watu. Siku zingine iko mbali."

Hapakuwa na udongo pale uani, ila ule uliokuwa ndani ya makopo: makopo ya nyanya, ya mafuta, ya maziwa ya unga, yamepangwa kando ya ukuta, kila moja na mche. Moniteri alikuwa anamwagilia. Alikuwa amekonda, kanga imemfunika hadi kichwani. Alimwagilia kopo la kwanza, la pili, akaenda hadi la mwisho, akachota tena kwenye ndoo, akarudi kwenye la kwanza. Maji yalikuwa yanafurika kwenye saruji. Miche niliyotumwa kuomba ilikuwa ya njano. Nilizamisha kidole katika kopo moja, kikatoka na tope linalonuka.

"Tunamkataza," binti akasema polepole. "Anakubali. Halafu anasahau kama amekwisha kumwaga."

Moniteri akageuka. Uso wake ukafunguka.

"Mtanzania!"

Nikamshika mikono, nikapiga goti kidogo. Aliniuliza habari za mama, nikamwambia anaendelea. Aliniuliza habari za baba. Kisha, kama nilivyojua atauliza, "Miti yangu iko?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, za chini na za juu, makaa, tofali, na kwamba msumeno tulishika wawili. Alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka sakafuni kwa uangalifu, kama kimejaa.

"Hata za juu?"

"Hata za juu, mama."

"Visiki?"

"Tulivichimba."

Akakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimemwona mgumu kwa muda wote ule, na sasa machozi yalishuka bila sauti, bila uso kubadilika, kama ya mtu mwingine yaliyopita kwake. Nilitaka kumwomba msamaha, akanitangulia.

"Mlikuwa na njaa?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Bon." Akajipangusa kwa kanga. "Njaa ni njaa." Halafu akasema kitu kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, na binti yake aliyekuwa mlangoni akageuza uso. Sikukielewa na sikuomba kitafsiriwe.

Tulikaa. Mtaani watoto walikuwa wanacheza mpira, ukagonga geti mara mbili. Moniteri akainuka, akatafuta kikombe chake, akachota maji kwenye ndoo, akaenda hadi mwisho wa makopo na kurudi. Alipofika kwangu alisimama. Uso wake ukafunguka vilevile kama mwanzo, kwa furaha ileile.

"Mtanzania! Umefika saa ngapi? Na hakuna mtu amekupa kiti?" Akamkaripia binti yake kwa ajili ya kiti. Kisha akaniinamia. "Miti yangu iko?"

Nilimtazama binti. Hakunisaidia kwa ishara yoyote. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja kuona wewe ni nani. Machozi ya mama yake yalikuwa bado hayajakauka shavuni.

"Iko, mama," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

Akavuta kigoda akakaa karibu yangu, magoti yakigusana. "Kalitrisi za mpakani?" Iko. "Ile gereveria iliyopinda?" Iko, imenyooka kidogo. Alicheka. Alinipitisha mteremko mzima, mti kwa mti, na sikujua kwamba nilikuwa nimeikariri kiasi kile; kila aliposahau mmoja nilimkumbusha, naye akashukuru.

"Na mwarobaini ya juu kabisa, kwenye mawe. Imetoa maua?"

"Imetoa, mama. Nyuki wamejaa."

"Nyuki." Akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa Moniteri kabisa, sauti yenyewe ya zamani. "Sasa sikiliza vizuri. Mbegu ya mwarobaini si mahindi, huiweki kwenye gunia. Ikianguka, wiki mbili, imekufa. Uokote, uoshe, uanike kivulini, uniletee upesi."

"Nitakuletea."

"Lini?"

"Zikianguka tu," nikasema.

Akaanza kuhesabu miezi kwenye vidole, maua hadi tunda, tunda hadi kuiva. Alikosea, akarudia, akafika kwenye kidole kimoja akakishika.

"Si mbali," alisema.

Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya goti lake, na tukakaa hivyo pale uani, mimi na yeye, tukizingoja mbegu.